Jibu: Nisije nikasahau mambo madogo ya marehemu mume wangu
Pole sana, dada. Umeuliza uanzie wapi kabla kumbukumbu ndogondogo za mumeo hazijafifia. Anza na sauti: jumbe zake za sauti zihamishe leo hii, nakala mbili nje ya simu, maana simu ikiharibika zimekwenda. Shati lenye harufu yake usilifue. Likiwa kavu kabisa, lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Unyevu huleta ukungu, na kila ukilifungua harufu hupungua. Halafu daftari, kumbukumbu moja kwa ukurasa, sentensi tatu zatosha. “Alikuwa mpole” haitakurudishia chochote; andika alivyokohoa kabla ya kubisha hodi, kiatu alichovua kwanza. Siku ukilemewa, lifunge tu, utaendelea kesho.