Mwanangu "ameituma tu": je, ana dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mama, mkazi wa Eastleigh. Katika grupu la WhatsApp la darasa la mwanangu wa miaka 15, picha ya msichana mwenzao iligeuzwa stika ya kuchekea meno yake. Wiki ya pili sasa msichana haendi shule. Mwanangu aapa hakuitengeneza, aliituma tu kwenye grupu jingine. Je, ana dhambi?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Mama, hilo "tu" ndilo linalonitia hofu. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alipozuliwa zinaa, walioanzisha uzushi walikuwa wachache. Wengine waliupokea na kuupitisha. Aya ya 15 ya Surat An-Nur ikawakemea: mnaliona jambo jepesi, nalo kwa Mwenyezi Mungu ni kubwa.

Atasema hakuna uongo, meno ni yake kweli. Bibi Aisha huyohuyo aliwahi kugusia ufupi wa Bibi Safiyya, mke mwenzake, na ufupi ulikuwa kweli. Mtume (s.a.w.) akamwambia amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari, lingeyachafua. Neno moja tu! Stika inazunguka hadi Kayole na haichoki.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyetimiza miaka 15 kwa hesabu ya mwezi mwandamo ameshabaleghe, kwa hiyo kalamu ya malaika inamwandika. Dhambi anayo, na ni haki ya mja, yaani deni kwa binadamu aliyemkosea: istighfari ya msikitini peke yake haiifuti. Aifute stika, kisha aandike palepale alipoituma kwamba amekosea na anawaomba wenzake waifute. Kumwandikia msichana faraghani sishauri. Simu yenyewe sasa inamtisha. Nenda naye wewe mama hadi kwa wazazi wake, aombe radhi mbele yao. Wasipotaka kusamehe leo, msiwasukume. Na mkiwa huko, waambieni namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.

Serikali ya Kenya nayo hailioni dogo: sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 inamtishia mwenye kumdhalilisha mwenzake faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, ijapokuwa mtoto hahukumiwi kama mtu mzima. (Sisi wazee na magrupu yetu ya harusi, tujikague pia.)

Simu usimpokonye kabla hajaandika ujumbe ule.