Mwezi unachomoza saa ngapi Kariakoo?

Safu ya maswali ya anga. Anajibu Mwalimu, Upanga, Dar es Salaam.

Shikamoo Mwalimu. Nauza vitenge Kariakoo na tunaishi hapo hapo, ghorofa ya tatu. Simu iliniambia mwezi mpevu utachomoza saa 12:41 jioni. Nikapanda juu na wanangu, tukakaa, hatukuona kitu. Ulipotokea ilikuwa saa 2 kasorobo. Nani anadanganya, simu au macho yangu? – Mama wa Kariakoo

Marahaba, mwanangu. Simu haikudanganya na macho yako ni mazima. Saa 12:41 ni saa ya mtu ambaye hana kitu chochote kati yake na upeo wa macho. Chukua mtu aliyesimama Coco Beach: mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu. Dakika inayoandikwa kwenye jedwali ni ile ambayo ukingo wa juu wa mwezi unagusa mstari wa bahari, na hapa kwetu huchukua dakika mbili na ushei mpaka mwezi wote ujitoe majini. Tena hewa ya karibu na upeo huupinda mwanga, kiasi kwamba mwezi unaouona umeshakaa juu ya maji, kwa hesabu bado uko chini yake. Jambo hilo nimelifundisha miaka mingi na bado linanisisimua.

Sasa wewe hukuwa Coco Beach. Mashariki yako kuna maghorofa, na jedwali halijui lolote kuhusu maghorofa ya Kariakoo. Kwa hiyo pima mwenyewe. Panda pale mnapokaa, mchana kweupe. Nyoosha mkono wote mbele yako, kunja ngumi, weka upande wa chini wa ngumi usawa wa macho yako. Ngumi moja hapo ni kama nyuzi 10 za anga. Kwa kuwa Dar iko karibu na ikweta, mwezi hupanda karibu wima, na urefu wa ngumi moja unaumaliza kwa dakika 40 hadi 45. Nadhani jengo la jirani yako linakula ngumi moja na nusu. Toka saa 12:41, ongeza saa moja na dakika chache: ndiyo hiyo saa 2 kasorobo.

Ukishapima, andika kwenye kalenda ya ukutani, "jumlisha saa moja", na kila mwezi utajua wakati wa kuwaita watoto. Ila pima pande mbili, maana mwezi mpevu hauchomozi mahali pamoja mwaka mzima. Juni na Julai husogea kusini, upande wa Kigamboni. Desemba huenda kaskazini, kuelekea upande wa Unguja. Huenda ukagundua kwamba Desemba una uwazi kati ya majengo mawili na mwezi unauona mapema zaidi.

Na usikubali mtu akuambie kwamba anga ni la kijijini. Nyota nyingi tumezipoteza kwa taa, hilo kweli. Lakini mwezi haupunguzwi na taa za Kariakoo hata zikiwaka zote, na mtoto wa mjini ana haki yake ya kuujua.

Mwalimu, kwenye jedwali la mwezi la Dar, tarehe moja imewekwa kistari tu mahali pa saa ya kuchomoza. Ina maana siku hiyo mwezi haupo? – Kijana wa Tabata

Upo, ila siku ya kalenda imeupita. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, kwa sababu wakati dunia inajizungusha, mwezi nao unasonga mbele kwenye njia yake. Tuseme Jumatatu umechomoza saa 5:40 usiku. Ukiongeza saa 24 na dakika 50, unaangukia saa 6:30 usiku, na kwa kalenda hiyo ni Jumatano tayari, kwani tarehe hubadilika saa 6 kamili. Jumanne haikupata mwezi wa kuchomoza. Ikapewa kistari.

Hutokea mara moja kila mzunguko wa mwezi, karibu na ile robo ya mwisho ambapo mwezi hutoka katikati ya usiku. Na upande wa kuzama, tafuta kistari karibu na robo ya kwanza. Ukipanga kumwonyesha mtu mwezi wa usiku wa manane, angalia kwanza tarehe iliyoandikwa pembeni, maana "usiku wa leo" wa nyumbani na "tarehe ya leo" ya simu havikubaliani baada ya saa 6.

Shikamoo Mwalimu. Mimi niko darasa la sita. Kwenye kitabu changu mwezi mchanga umesimama wima kama mabano. Lakini nikiutazama nyumbani Sinza umelala, pembe zinatazama juu. Kitabu kimekosea? – Mwanafunzi, Sinza

Marahaba, mjukuu wangu, na hongera sana. Umeangalia kitabu, ukaangalia na anga. Watu wazima wengi hawajawahi kufanya hivyo.

Kitabu kimechorwa na mtu wa mbali na ikweta. Sehemu inayong'aa ya mwezi siku zote hulielekea jua. Kule kaskazini, Ulaya kwa mfano, jua huzama kwa kukingama, linateleza pembeni huku likishuka, kwa hiyo jua lililozama linakuwa chini na pembeni ya mwezi, na mwezi unang'aa ubavuni. Kwetu jua linashuka karibu moja kwa moja. Linakuwa chini ya mwezi, na mwezi unang'aa chini, kama mtumbwi.

Nikupe kazi. Mtumbwi huo haukai sawasawa mwaka mzima. Mwezi wa Machi, ukitazama magharibi, mwezi mchanga unakuwa juu na kulia ya mahali jua lilipozamia, kwa hiyo mng'ao umeegemea kushoto. Septemba inageuka: mwezi unakuwa kushoto, mng'ao unaegemea kulia. Chora kwenye daftari kila mwezi unapoandama, uandike tarehe. Na ukiutazama vizuri utaona hata ile sehemu yenye giza ina mwanga hafifu wa kijivu. Huo ni mwanga wa jua uliopiga duniani kwetu, ukaruka hadi mwezini, ukarudi machoni pako. Mwambie na mwalimu wako.

Mwalimu wetu, natumia jedwali la Dar es Salaam lakini mimi niko Kigoma. Naona haliendani. – Mzee wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Haliwezi kuendana. Saa zetu za ukutani ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko magharibi ya Dar kwa karibu nyuzi 10, na kila nyuzi ni dakika 4. Ongeza dakika 40 kwenye kuchomoza na kwenye kuzama pia. Wa Mwanza wataongeza kama 26. Ninyi mna bahati ambayo sisi wa pwani hatuna: mwezi wenu unazama ziwani, upande wa milima ya Kongo. Wetu unachomoza baharini na kuzamia kwenye mabati. Na wavuvi wa dagaa hapo kwenu hawahitaji jedwali langu. Wanapumzisha taa zao wakati wa mbalamwezi na kurudi ziwani giza likirudi.

Assalaam alaykum Mwalimu. Tunapotafuta mwezi mwandamo hapa Dar, tusimame wapi? – Ndugu wa Magomeni

Waalaykumu salaam. Uamuzi wa kufunga na kufungua una wenyewe, nami sitauingilia. Nitasema la macho tu. Watu wengi hukimbilia baharini, wakati bahari yetu iko mashariki na mwezi mwandamo unakaa magharibi. Tafuta uwazi wa magharibi: paa la ghorofa refu, vilima vya Kimara, au upande wa ndani wa rasi ya Msasani, pale Slipway, ambapo jua hushuka ng'ambo ya ghuba.

Kabla ya kutoka, angalia vitu viwili: jua linazama saa ngapi na mwezi unazama saa ngapi. Tofauti ikiwa dakika 20, kazi ni ngumu mno. Ikifika 45 na mawingu hayapo, una matumaini mazuri. Mwezi ambao haujatimiza saa 15 tangu ulipopishana na jua hauonekani kwa macho matupu, hata watu wakiapa. Ukitumia darubini, subiri jua lizame lote kwanza. Jua kwenye darubini linapofusha, na hapa sizungumzii hatari ndogo.

Mwalimu, kwa nini mwezi ukichomoza ni mkubwa kama sinia, nikipiga picha unatoka kidoa cheupe? – Dada wa Mbagala

Dada yangu, ukubwa ule ni wa akilini. Nyoosha mkono, weka kidole cha mwisho mbele ya mwezi unapochomoza: kinaufunika wote na kubaki. Rudia saa 6 usiku ukiwa utosini: kidole kinaufunika vile vile. Ukichomoza, kwa kweli, uko mbali nawe kidogo zaidi, karibu kilomita 6,400, kwani unautazama ukiwa pembeni ya dunia badala ya kuwa chini yake. Rangi ya chungwa nayo si ya mwezi. Ni vumbi, moshi na hewa nene ya upeoni.

Kamera sasa. Mwezi ni mwamba unaopigwa na jua la mchana. Simu inaona giza limejaa, inaongeza mwanga, inauunguza mwezi. Gusa mwezi kwenye kioo, kisha teremsha mwanga kwa kidole mpaka uone madoa. Na siku nzuri ya picha ni jioni moja kabla ya mwezi mpevu. Unachomoza mapema kwa kama dakika 50, jua bado lipo, bahari bado ina rangi, ngalawa zinaonekana. Maji wakati huo yanakupwa, maana katika siku za bamvua, yaani maji makubwa ya karibu na mwezi mpevu, hapa Dar yanajaa kiasi cha saa 10 alasiri, kwa hiyo mchanga wa kusimama unazidi kupanuka.

Nilikosa kupatwa kwa mwezi kwa Septemba 7, 2025, kulikuwa na mawingu mtaani. Kuna kwingine kwa usiku wa mapema? – Fundi cherehani, Ilala

Kupo, na kumeangukia pazuri: jioni ya Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya. Mwezi utachomoza baharini ukiwa tayari umemegwa. Utafunikwa wote na kuwa mwekundu kuanzia kiasi cha saa 1 na robo usiku hadi karibu saa 2 na nusu, halafu utaanza kufunguka taratibu. Kukutazama hakuna madhara yoyote kwa macho, hata ya mtoto mchanga. Kwa kuwa ni Desemba, tafuta kaskazini mashariki. Ukiwa Ilala nyuma ya majengo ya ngumi moja na nusu, utauona ukiwa umeshakuwa mwekundu, na sehemu ya kumegwa utaikosa. Ukitaka kuiona hiyo, funga cherehani saa 11 na uwe Barabara ya Barack Obama kabla ya saa 12 na nusu.