Ufundi: maswali yenu ya wiki hii

Nina miaka 14 gereji. Injini naishusha na kuipandisha, ila kila tenda wanadai cheti. Nianze chuo upya? (Fundi, Tandika)

Hapana, ndugu yangu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa ajili ya waliojifunzia kazini kama wewe. Unahojiwa, unatazamwa ukifanya kazi, na palipopungua unapewa mafunzo mafupi kabla ya kupimwa na kutunukiwa cheti. Usiogope hapo penye upungufu. Namfahamu fundi aliyebandika ncha ya bisibisi kwenye injini, akaweka mpini sikioni, akasema, "Silinda ya tatu." Ikawa kweli. Kilichompa tabu ni kusoma mchoro wa nyaya za umeme, basi. Nenda ofisi ya VETA iliyo karibu, uulizie urasimishaji kwa jina hilohilo.

Mwanangu anataka kusomea ufundi Ujerumani. Dalali ameitisha laki tatu. Nilipe? (Mama, Nakuru)

Mama, pesa hizo zikae kwanza. Kule mwanagenzi husaini mkataba na mwajiri. Siku tatu au nne za wiki yuko kazini, zilizobaki yuko chuoni, na mafunzo mengi huchukua miaka miwili hadi mitatu na nusu. Kila mwezi analipwa, na malipo hupanda kila mwaka. Sheria ya mwaka 1969 inamlinda. Hata mtihani wa mwisho hauko mikononi mwa bosi wake, huendeshwa na chemba za biashara na ufundi.

Kwa hiyo mkataba wa kampuni ndio unaotangulia viza, na lugha inatangulia mkataba: kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Makubaliano ya uhamiaji na ajira ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini Septemba 2024 hayajafuta masharti hayo. Dalali asiyetaja kampuni, wala kuuliza mtoto amefika wapi na Kijerumani, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mlipie mtoto darasa la lugha.

Nasikia vyuo vya nje hufundisha kuchomelea kwa kompyuta. Ni mchezo tu? (Mwalimu wa ufundi, Tanga)

Si mchezo, mwalimu. Mwanafunzi huvaa kofia yenye skrini ndani, hushika kishikio kama cha mashine halisi, na kompyuta hupima pembe, mwendo na umbali wa mkono wake. Anakosea mara hamsini bila kumaliza hata stiki moja. Lakini joto, moshi na bati linalojikunja hatavipata humo. Chuo chenye bajeti ndogo ningekishauri kinunue stiki na vyuma chakavu kwanza.

Binti yangu amepata nafasi ya umeme wa majumbani, ndugu wanasema ni kozi ya waliofeli. (Baba, Morogoro)

Uswisi, takriban theluthi mbili ya vijana wakimaliza elimu ya lazima huingia ufundi, na tangu 1994 kuna cheti kinachowafungulia mlango wa vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Hao hawakufeli. Mnunulie binti ovaroli na viatu vya usalama vinavyomtosha, maana vya dukani vingi ni saizi za wanaume. Anza kutafuta mapema.