Kidole gumba, chandarua na elfu sitini yangu

Juzi msomaji wa Geita kaniandikia: "Kaka, kidole gumba cha mguu kinaniuma tangu Jumapili, nimebadilisha viatu lakini wapi." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hata mimi nilianza kwa kulaumu viatu.

Enzi hizo nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kutwa nimesimama, mchana ugali dagaa, jioni maini na bia mbili tatu. Usiku mmoja, saa nane, nikashtuka kana kwamba kuna kaa la moto kwenye kiungo cha gumba la kulia. Limevimba, ngozi inang'aa. Chandarua kikiligusa tu, nalia. Baba wa watoto watatu, nalilia chandarua!

Asubuhi kila mtu na lake. Shemeji: umekanyaga kitu. Wa duka la dawa akanipa antibayotiki bila hata kuutazama mguu. Jirani yangu wa kizimba akatangaza kwamba nakwepa kubeba magunia, hilo sijalisahau. Nikaenda kwa mganga, nikachanjwa, siku ya nane maumivu yakaisha. Nilivyomsifu yule mzee! Miezi minne baadaye yakarudi, gumba lilelile.

Ndipo nikapima. Jongo, wengine huita gauti: asidi ya yuriki ikizidi mwilini huganda chembechembe kwenye kiungo. Daktari akaongeza neno lililoniuma kuliko kidole: shambulio la jongo mara nyingi hutulia lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, uchanjwe usichanjwe. Elfu sitini yangu... tuyaache.

Maini, figo, bia, vyote vinalichochea. Na dagaa. Muuza dagaa naambiwa nipunguze dagaa! Sasa nakunywa maji mengi, nameza kidonge changu kila siku, bia nimeiaga.

Ila ndugu yangu wa Geita, usijipe jongo langu. Kikiuma pembeni ya ukucha, huenda umekata kwa kuzungusha, ukucha ukaingia nyamani, kata kwa kunyoosha. Gumba likiegemea wenzake, hapo viatu vya kubana vina kesi. Vidole vya miguu yote vikiwaka moto au kufa ganzi, kapime sukari, tena leo. Injini ya mtumbwi ikikohoa tunaita fundi. Mguu ukiuma tunaita majirani. Acheni ubishi, nendeni mkapime.

Yule wa kizimba cha jirani naye kaanza kuchechemea. Nimemwambia aende maabara. Kaniomba namba ya mganga.