Muulize Fundi: Laptop yangu ya Windows 10 niitupe?

Wajomba na mashangazi wa kusini, salama? Meseji za msimu huu zinafanana kweli. Korosho zikishauzwa mnadani kila mtu anawaza kompyuta, na wauzaji nao wanajua hilo, wanakusubiri mlangoni. Nimechagua tatu, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nina steshonari hapa Masasi karibu na stendi, natoa fotokopi, naprinti, naandikia watu barua za kuombea kazi. Laptop yangu ni Core i5 jenaresheni ya 6, RAM GB 4, Windows 10, nilinunua used. Siku hizi nawasha asubuhi naenda kununua maandazi narudi bado inazungusha kile kiduara, mteja kasimama ananiangalia. Halafu inaleta ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho. Muuzaji mmoja kaniambia hiyo ni skrepa, nimpe laki tisa na nusu anipe nyingine ya Windows 11. Fundi mwingine anasema atanipigia Windows 11 kwenye hiyohiyo kwa elfu 30. Mume wangu kashauza korosho ila hela yenyewe nasikia uchungu kuigusa, tuna mtoto anaingia fomu wani. Nifanyeje mwanangu?
Mama Steshonari, Masasi

JIBU: Shikamoo mama. Hela ya korosho iache hapohapo ilipo. Na huyo anayesema skrepa muulize yeye ataichukua kwa bei gani, utaona anavyogeuza maneno.

Hapo kuna mambo mawili yamekukuta wakati mmoja ndo maana yanaonekana kama ni moja. Uzito wa mashine ni jambo lake, Windows 10 kuisha muda ni jambo lake, na halihusiani kabisa na wewe kwenda kununua maandazi na kurudi.

Kesho asubuhi ukishawasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, kama iko ndogo bonyeza ile ya kuona zaidi kwa chini, halafu angalia safu ya Disk. Naweka dau kilo nzima ya korosho zilizobanguliwa kwamba utakuta imeandika 100% na hujafungua hata Word. Maana yake prosesa yako, ile Core i5 ambayo ndo ubongo wa mashine, imekaa mikono mfukoni inaisubiri hadi diski (hard disk), kile kifaa kinachotunza Windows na mafaili yako. Zile hadi diski za laptop ndani zina sahani inayozunguka, nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachokimbia huku na huku kusoma. Ukiipa faili moja kubwa inajitahidi, inafika kama MB 100 kwa sekunde, ila Windows ikiwa inawaka haiombi faili moja, inaomba vifaili maelfu vilivyotawanyika kila kona, hapo ni sawa na kumtuma mtunza ghala mmoja akachukue punje moja toka kila gunia na ghala limejaa. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu inayokaa mahali pa hiyo hadi diski, haina sahani wala mkono. Hii ya kawaida, inayoitwa ya SATA kwa jina la tundu inapochomekwa, inasoma kama MB 500 kwa sekunde, na kwenye vile vifaili vidogo ndo haifananishwi kabisa. Juzi nimembadilishia mwalimu mmoja mashine ya umri kama wa yako, nimefunga skrubu ya mwisho, nikawasha, nageuka kutafuta kitambaa nifute skrini, tayari inaniomba pasiwedi. Mwenyewe alidhani nimembadilishia laptop.

Kwa hiyo nunua SSD, GB 256 inakutosha kwa kazi za steshonari. RAM, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua, ongeza ifike GB 8 kama mfuko unaruhusu, lakini kama ni lazima uchague kimoja anza na SSD. RAM yenyewe bei imepanda, si kwamba wenye maduka wamekuonea. Toka mwisho wa 2025 makampuni yanayotengeneza chipu za kumbukumbu yanazipeleka zaidi kwenye vituo vya data vya akili bandia maana huko ndo kuna hela, mpaka Micron ya Marekani ikatangaza Desemba 2025 kwamba inaachana na biashara ya Crucial, ile chapa yao ya kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Ndo mambo ya dunia, mtu anachati na roboti huko mbali, mama wa Masasi anaongezewa bei ya RAM. Tafuta iliyotolewa kwenye laptop iliyokufa, inafanya kazi vilevile. Ila kabla hujatoa hela mwambie fundi afungue kwanza aangalie, jenaresheni ya 6 kuna zilizokuja na RAM aina ya DDR3L na kuna za aina ya DDR4, na haziingiliani, hata kijipengo cha kuchomekea kipo sehemu tofauti.

Sasa Windows 10. Ni kweli, Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Haijazimwa, itawaka na kuprinti kama kawaida, kilichokatika ni apdeti za kuziba matundu ya usalama. Kwako hilo si dogo kwa sababu flashi za mji mzima zinapita kwenye mashine yako, na unajua mwenyewe ule ugonjwa wa mafaili kugeuka shotikati. Lakini walitoa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu binafsi, mpaka 13 Oktoba 2026. Ingia Settings, sehemu ya Windows Update, kama mashine yako iko kwenye toleo la 22H2 utaona pa kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali kuingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu settings zako zihifadhiwe kwao. Chukua hiyo ya bure.

Fundi wa elfu 30 hakudanganyi kwamba inawezekana. Windows 11, toka imetoka 2021, inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na kwa Intel kwa kawaida inataka jenaresheni ya 8 kwenda juu. Kuna njia za kuiruka hiyo hodi na mashine ikawaka vizuri tu, hata mimi nishafanya kwa watu walioelewa wanachokifanya. Shida ni kwamba Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawaihakikishii apdeti, na apdeti ndo kilichokufanya uandike hii barua. Kitu kingine mtazame mikono. Akianza kwa kuzima antivirusi ili "aaktiveti", yaani aifanye Windows ionekane ina leseni, mwambie asimame. Laptop used za maofisini nyingi leseni yake ya Windows imehifadhiwa mlemle ndani kwenye bodi, ukipiga toleo lilelile inajitambua yenyewe ukiunganisha intaneti, haihitaji kijiprogramu chake cha kwenye flashi ambacho hakuna ajuaye kimebeba nini.

Mtu atakwambia weka Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mimi naipenda, nyumbani natumia Linux Mint, na kwa mwanafunzi wa chuo mwenye mashine kama yako ningesema weka leo hii. Kwa steshonari hapana. Mteja anakuja na CV ya Word, unaifungua kwenye LibreOffice, ile ya bure inayotumika huko badala ya Word, mstari mmoja unashuka ukurasa wa pili, picha inahama, na anakusema wewe. Baada ya Oktoba 2026 tutaongea tena, labda kufikia hapo laptop used za jenaresheni ya 8 zitakuwa zimeshuka bei.

Kabla fundi hajagusa skrubu hata moja kopi kazi zako kwenye diski ya nje. Usitegemee za mtandaoni peke yake, Mei 2024 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa ya kubembeleza nchi nzima, kilichoko mawinguni kikabaki mawinguni.

SWALI: Fundi, mimi mwalimu Ruangwa. Nilinunua flashi ya TB 2 kwa 25,000 kwa kijana anayetembeza. Kwenye kompyuta inasoma TB 2 kweli. Nimejaza video za harusi ya dada yangu, majina yote nayaona ila nikifungua zinasema faili imeharibika. Kuna programu ya kuzirudisha?

JIBU: Mjomba pole, hakuna. Umeuziwa debe la robo lenye lebo ya gunia. Ndani kuna chipu ndogo, pengine GB 16 au 32, ila imechezewa iiambie kompyuta kuwa ina TB 2. Ikishajaa haisemi, inaendelea kupokea na kumwaga chini au kuandika juu ya vya mwanzo. Majina unayaona kwa sababu orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa flashi, kwenye ile sehemu ya kweli. Acha kuandika chochote humo, kopi zile zinazofunguka peleka pengine, na nenda kwa aliyepiga video kabla hajafuta kadi zake, hapo ndo penye matumaini. Siku nyingine ukinunua ipime kwa programu ya H2testw, ni ya bure, inaandika flashi yote halafu inasoma tena kilichoandikwa, uongo unaonekana hapohapo.

SWALI: Niko Shangani, Mtwara mjini, nimefungua ofisi ndogo ya desktop moja na printa ya leza. Umeme ukicheza inazima. Nina staiblaiza ya friji, naweza kuitumia?

JIBU: Itakusaidia umeme ukipanda na kushuka, ila ukikatika inazima nayo, haina betri. Nunua UPS, kile kiboksi chenye betri ndani, inakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa amani. Desktop na skrini zichomeke hapo. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata kama kuna tundu limebaki, ile ikipasha moto kabla ya kuprinti inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo inalia halafu inazima kila kitu na kazi yako ndani. Printa iachie hiyo staiblaiza ya friji kama wati zake zinatosha, friji litafutie nyingine.