Kura ni yako, swali umelitoa wapi?

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku Newala hatujambo, upepo tu ndio umezidi. Umeniuliza kama kweli magazeti na redio vinaweza kumgeuza mpiga kura, maana wenzako huko kazini Dodoma wanasema waandishi ndio wanaotuchagulia viongozi. Kwenye simu ningekujibu juu juu, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Wenzako wametia chumvi. Sijamwona mtu hapa aliyehama chama kwa kusoma tahariri. Vyombo vya habari vinaanza kazi mapema zaidi, pale tunapoamua tuzungumzie nini. Kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1968, watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa mji wa Chapel Hill waliokuwa hawajaamua wampe nani kura, wakawauliza mambo gani ya nchi yanawasumbua zaidi. Kisha wakaangalia magazeti na televisheni za kule zimeyapa mambo gani nafasi kubwa. Orodha mbili zile zikakaribia kuwa moja.

Hapa njoo tu stendi. Vijana wanainamia kurasa za mbele, zimewekewa mawe zisipeperuke, wanasoma vichwa vikubwa bila kununua huku muuzaji akiwatania. Na hao wamechelewa, kwa sababu asubuhi redio imeshayasoma magazeti yote na kijiwe cha kahawa kimeshapata mada. Habari ya ukurasa wa 14 haina mtu.

Sasa tuje kwenye kura. Watafiti wengine, Shanto Iyengar na Donald Kinder, waliwahi kuwaonyesha watu taarifa za televisheni zilizopachikwa habari za ziada. Watu walioonyeshwa sana udhaifu wa ulinzi wa Marekani wakaanza kumpima Rais Jimmy Carter zaidi kwa mambo ya ulinzi. Hakuna aliyewaambia Carter hafai. Aliyewahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa pembeni anayepima kwa bakuli lake, analielewa hilo haraka: korosho ni zako, bakuli la kupimia ni la mnunuzi.

Nililiona kwenye kampeni za udiwani za kata yetu. Mzee mmoja, ambaye najua ananunua maji ya ndoo, alipopewa kipaza sauti akamuuliza mgombea msimamo wake kuhusu treni ya SGR. Treni ya Dar kwenda Dodoma! Haihusiani na diwani, wala reli yenyewe haifiki kusini. Ila redioni ndiyo iliyokuwa ikivuma. Mgombea alijibu kwa raha zote. La maji lingemtoa jasho.

Lakini usidhani sisi ni magunia ya kujazwa. Bei ya korosho hatuisubiri gazetini. Mnada ukiisha, kabla ya magharibi wanachama wote wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanaijua. Hata hoja ya gesi ilianzia kwetu: Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki Mtwara, wakipinga bomba la kuipeleka Dar. Mei 22, 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni, mji ukalipuka. Kwa nilivyosikia mimi siku zile, kamera zikafuata moto na risasi, na lile swali la mkazi wa hapa atafaidika na nini likabaki nyuma. Mitaani halikubaki nyuma. Mwaka 2015 jimbo la Mtwara Mjini likachukuliwa na CUF. Sisemi ni gesi peke yake, uchaguzi una mengi, lakini mwenye jambo lake mkononi hahitaji kukumbushwa na mtangazaji.

Shida ni yale ya mbali, tusiyoyaona. Huko tunapokea kila tunachopewa, na mimi nimo.

Yule mzee nimeshamwambia: mkutano ujao tutakaa benchi moja, na kipaza sauti kikimfikia kabla yangu, nitamnyang'anya.

Mama yako