Jibu: Kitabu cha watumwa jahazini kisicho na jalada

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema kitabu cha marehemu babu yako hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kinasimulia watumwa waliojazwa jahazini, na hujui ni kipi.

Anza kutazama safari inaishia wapi. Ikiwa jahazi linakamatwa na manowari ya Waingereza na watu wanapelekwa Freretown, karibu na Mombasa, basi nadhani unacho Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa London mwaka 1934. Nakala yangu nayo ilikuwa haina jalada. Hilo jina la Freretown ndilo lililonifumbua macho. Ukikisoma, utaona kinawasifu Waingereza kupita kiasi, lakini yale ya baharini yananiuma mpaka leo.

Selotepu usiitie hata kidogo! Mimi nilibandika kurasa mbili, gundi ikageuka kahawia na herufi zikang'oka nayo. Kifunge kwa kitambaa safi cha pamba, kiweke mbali na ukuta wenye unyevu. Siku ukivuka Unguja, kipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani wakitazame. Bei sitaisemea, na nakuomba usikiuze kabla hawajakiona.